Joviana na Hati ya Nshamba

Joviana alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya mazao mjini Bukoba tangu mwaka wa Uhuru. Mimi nilikuwa karani wa majalada, meza yangu ikitazamana na yake. Kwao ni Kanazi, lakini alipanga chumba Kagondo, na kila asubuhi alifika kwa miguu, viatu vikiwa vimejaa vumbi au matope kutegemea msimu. Wazungu wawili wa ofisi yetu walipoondoka, kazi zao hazikuondoka nao. Zilihamia kwenye meza yake. Msimu wa kahawa alipiga neno coffee tangu asubuhi hadi jioni, nakala nne za kaboni kwa kila barua, na nakala ya nne haisomeki usipogonga kwa nguvu. Jioni vidole vyake vilikuwa havifungi vizuri. Niliwahi kumwona akishika mwavuli kwa viganja viwili, kama mtoto.

Mwezi wa nane mwaka 1964, mama yake Gamaliel Ishengoma, mpima mizani wa ghala letu, alifia hospitalini pale mjini. Alitakiwa kuzikwa kwao Nshamba. Meneja wetu, Bwana Rugemalira, akatoa lori la ofisi. Siku hizo polisi walikuwa wakiwasaka watorosha kahawa, kwa hiyo lori letu halikutoka mjini bila hati inayosema limebeba nini, na hati zilikuwa bado za Kiingereza. Bwana Rugemalira alisimama mlangoni akamtajia Joviana mistari mitatu. Ilikuwa saa kumi na barua ishirini zilikuwa zinangoja. Joviana akapiga, meneja akatia sahihi, Gamaliel akaikunja hati na kuitia mfukoni.

Jeneza kwa Kiingereza ni coffin. Kahawa ni coffee. Herufi nne za mwanzo ni zile zile, na kila neno lina herufi sita. Vidole vya Joviana vilipomaliza herufi ya nne, vilikwenda vyenyewe njia viliyoizoea.

Kwenye kizuizi cha polisi, kabla ya kufika Muleba, askari aliisoma hati kisha akapanda kuchungulia nyuma ya lori. Hati ilisema kahawa, naye hakuona gunia hata moja. Aliona jeneza. Tena kahawa huletwa mjini, haitolewi mjini kupelekwa vijijini. Akaamuru jeneza lifunguliwe. Gamaliel alimsihi, dada zake walilia, lakini yule askari alikuwa na amri yake. Dereva akang'oa misumari, na yule mama akafunuliwa uso kando ya barabara, watu waliokuwa wakipita wakitazama. Askari alipoona, alivua kofia akaomba radhi. Walipigilia misumari upya wakaendelea na safari.

Jumatatu dereva alirudisha ile hati na kutusimulia. Joviana aliisoma mara moja tu.

"Ni mimi," alisema.

"Mimi ndiye niliyetia sahihi," Bwana Rugemalira akamjibu. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Andika maneno yote unayoyajua ya namna hiyo. Yanayoanza sawa na kulingana urefu. Yabandike mbele ya macho yako."

Akaandika. Mission, yaani misheni, na missing, aliyepotea. Widow, mjane, na width, upana. Buried, aliyezikwa, na burned, aliyeungua. Hadi Ijumaa zilikuwa zimejaa karatasi mbili. Alikuwa anayasoma kabla ya kugusa mashine na tena kabla ya kuondoka, na kazi ikazidi kuchelewa.

Jumamosi aliniomba nimsindikize Nshamba. Tulimkuta Gamaliel uani, amekaa peke yake, waombolezaji wengi wakiwa wamekwisha kuondoka. Dada yake alitutandikia mkeka. Joviana hakukaa.

"Waitu, ndugu yetu, pole sana na msiba," alianza. "Nimekuja kukueleza. Yule askari hakuwa na chuki na ninyi. Kosa lilikuwa langu. Nilipiga neno lisilokuwa lenyewe."

Gamaliel aligeuza uso kuelekea migomba.

"Najua," alisema. "Aliponirudishia hati ndipo nililiona. Lakini nilikuwa nimeisoma kabla. Niliisoma pale ofisini, nikaisoma tena ndani ya lori. Mara zote mbili niliona jeneza."

"Basi ungemtuma dereva aniambie."

"Ningekuambia nini, Joviana? Miaka sita napima kahawa. Hata mimi neno hilo silisomi tena, nalipita tu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Siwezi kukuambia kwamba yamekwisha. Mama alivunjiwa heshima barabarani. Lakini kaa. Umetoka mbali."

Akakaa. Tulikula ndizi na maharage, na basi la mwisho likaturudisha.

Gamaliel alirudi kazini mwezi uliofuata. Alimsalimu Joviana kila asubuhi, na salamu haikuzidi hapo. Mwaka 1967, amri ilipokuja kwamba ofisi zitumie Kiswahili, nilidhani Joviana angefurahi. Alilipokea lile rundo la fomu za kupiga upya, akaziweka upande wa kushoto wa mashine.

"Ni kazi ile ile," alisema. "Imebadili nguo tu."

Alizipiga zote, miezi mitano.

Mwaka 1973 aliacha kazi, vidole vimekataa kabisa, akarudi kwenye kibanja cha migomba cha wazazi wake Kanazi. Mwaka uliofuata kijiji kilipoandikishwa, viongozi wakamtaka awe katibu, kwa kuwa amekaa ofisini. Alikataa mara mbili. Alisema anataka kushika jembe tu, na hata hilo analishika kwa shida. Mara ya tatu akakubali, kwa sababu hakupatikana mwingine. Nilipopita kumjulia hali nilimkuta barazani, mstari wa watu ukifika hadi barabarani, akiwaandika mmoja mmoja kwa mkono katika daftari la kijiji.

"Nisubiri," aliniambia bila kuinua kichwa. "Zimebaki kaya arobaini."

Nikakaa nikamsubiri.