Nyundo ya Kufumua Risasi

Clint Tveit alitaka kumwambia baba yake ukweli palepale mezani, kabla kahawa haijapoa. Mkewe, Marlys, akamkata kauli. "Thubutu! Utamuua mzee wa watu kwa maneno. Niachie mimi."

Ukweli wenyewe ulikuwa huu. Mzee Orville ndiye aliyekuwa akijaza risasi za nyumba nzima tangu Clint yuko kwenye nepi. Risasi za dukani aliziita takataka. Lakini macho yalikuwa yamemtupa mkono, na msimu uliopita wa kuwinda Clint alipomlenga kulungu, bunduki ililia pu, kama mtoto anayetema mbegu. Mzee alikuwa amesahau kutia baruti ndani ya ganda. Kichwa cha risasi, kilichosukumwa na fataki ya kitakoni tu, kikakwama kwenye mtutu, na kama Clint angefyatua ya pili juu yake, chuma kingempasukia usoni. Nyumbani alimwambia mzee amekosa shabaha, basi; ukweli akampa Marlys peke yake. Marlys hakulala vizuri majira yote ya baridi. Alimpenda sana yule mzee, lakini alimpenda mume wake zaidi. Sasa msimu wa Oktoba ulikuwa unabisha hodi, na boksi jipya la mzee lilikuwa tayari juu ya kabati.

"Baba," Marlys akamwambia Orville, "nataka kujifunza kujaza risasi. Twende mjini ukanichagulie vifaa."

Orville akamtazama kwa jicho la pembeni. "Wewe? Hata chupa ya kachumbari unanipa mimi nifungue."

"Ndiyo maana nakuomba wewe, simwombi paka."

Mzee akacheka, akachukua kofia.

Dukani kwa Duane, muuza bunduki, huyo Duane hakungoja hata salamu ziishe. Akaweka mbele yao mashine ya kujazia risasi, ya kifahari, yenye sahani inayozunguka. "Mama, hii unavuta mpini tu, risasi inatoka. Unavuta, inatoka!"

"Na ikitoka mbovu?" Orville akauliza. "Si zitatoka mbovu mfululizo? Acha kumpaka mkwe wangu mafuta kwa mgongo wa chupa. Lete ile ya kuvuta moja moja."

Duane akanuna, akaileta. Chuma kizito, hakina madoido. Mzee akakipapasa kila upande kwa vidole, taratibu, mpaka Marlys akalazimika kuangalia pembeni. Akamchagulia kitabu cha vipimo vya baruti, kipya, kwani vya kuazima hakuviamini. Akamchagulia kibao chenye matundu cha kusimamishia maganda, ili ayamulike yote ndani kwa tochi kabla ya kuyafunga. Ilipofika zamu ya mizani ya baruti, Duane akaweka ile ya kizamani, yenye alama ndogo ndogo.

"Inasoma ngapi, Baba?" Marlys akauliza, na papo hapo akatamani kuumeza ulimi wake.

Mzee akainama. Akainama zaidi. Duane akajifanya anatafuta kitu chini ya kaunta.

"Mpe yenye tarakimu kubwa," Orville akasema mwishowe. Kisha akanyoosha mkono ukutani, akaangua nyundo ya plastiki yenye kichwa cheupe kinachopitisha mwanga. "Na hii."

"Ya kupigia misumari?"

"Ya kufumulia. Risasi usiyoiamini unaitia humu, unagonga kwenye gogo, kichwa kinaachia ganda. Ungeanza na hii kabla ya vyote."

Njia nzima mzee aliipakata nyundo magotini. Marlys akaendesha huku akijilaumu kwamba amemvunjia heshima baba wa watu mbele ya Duane.

Walipofika, mzee hakugusa mashine mpya. Akateremsha boksi lake kutoka kabatini, akaliweka mbele ya Marlys. "Fumua."

"Baba, si lazima..."

"Fumua, mama. Zote."

Marlys akagonga moja, baruti ikamwagika kichwani mwa nyundo. Akagonga nyingine, vilevile. Kila mara mzee alikuwa akiinamisha sikio. Boksi likiwa limefika nusu, Marlys akagonga, na mzee akainua kidole kabla hajafungua.

"Hiyo haina kitu."

Akafungua. Kichwa cha risasi kikaangukia kiganjani, peke yake. Ganda lilikuwa tupu.

"Na ile ya mwaka jana," Orville akauliza, "ilikuwa hivi?"

Uongo ulimjia, ukafika mpaka mdomoni, akaurudisha. "Ilikuwa hivi, Baba."

"Nilijua. Clint hakosi kulungu aliyesimama." Akalipapasa lile ganda tupu. "Mwanangu mmoja, Marlys. Na mimi kwa kiburi changu nikamjazia tena boksi zima."

Marlys akamshika mkono, akalia waziwazi. Mzee akamwacha alie, kisha akajikongoja kutoka kwenye kiti chake cha mbele ya benchi la kujazia risasi, kiti ambacho hata Clint hakuwahi kukikalia, akavuta stuli ya pembeni, akaikalia mwenyewe.

"Haya, hamia pale kwenye kiti changu," akasema. "Zimebaki nusu."