Machine Ilisoma Mbele, Bakwe Bakarudisha Masufuria

Hii hadisi inanionyesha mujinga, nayua, njo maana naisema mi mwenyewe mbele ya dada yangu Mado kuisema (yee chumvi hapimake).

Ilikuwa mariage, arusi ya Mado, kule mu mutaa wa Hewa Bora, na muziki ilikuwa mu mikono yangu. Nilikuwa nimeunga nyimbo yote mu vidéo moja, murefu kama barabara ya Likasi, ku disque ya kizamani ya ordinateur, kompyuta ya Linux. Sasa, mu ordinateur muko noyau, njo chef wa ndani: ukiomba kipande ya wimbo, inasoma na ile inafuata, inaiweka mu mémoire, mu kichwa yake, sababu inawaza utaiomba. Mi nikaona inasoma mbele kidogo sana, nikaingia mu réglage, mipango yake ya ndani (nilisoma paka primaire, lakini kwa kuongeza zéro niko professeur), nikaweka zéro moja ku hesabu ya kusoma mbele, nikaweka na ingine, nikapiga vidéo toka mwanzo, ikateremuka kama mafuta. Nikajipigia makofi.

Kumbe ku mariage ya kwetu hakuna muntu anasikilizaka toka mwanzo. Saa ya zawadi kila famille inaingia ikicheza wimbo yake, kidogo tu, kisha ingine. Sisi, famille ya bibi-arusi, tukatangulia, wimbo yetu njo ilikuwa ya kwanza mu vidéo, ikalia muzuri, tukacheza mpaka jasho. Kisha bakwe, bantu ya Kasaï, mama mukwe wa Mado mbele, Mama Kapinga, masufuria ya zawadi ku kichwa. Nikarusha vidéo mpaka ku mutuashi yao, ngoma ya kiuno ya Kasaï. Ikalia kidogo, kimya. Disque ilikuwa inasoma bintu mingi yenye hakuna aliomba, mémoire imejaa, machine imekauka, na kila nikirusha vidéo tena inaanza kubeba furushi ingine. Mama Kapinga amesimama, kiuno upande, shingo haitikisike.

"Yao inalia, yetu inakufa," akasema pole pole, na ile pole pole njo iliniogopesha. "Njo heshima munatupatia?"

Akageuka na masufuria yake, famille yote nyuma, wanaelekea mulango. Mado, mu robe yake nyeupe, akaanza kulia.

Nikakamata micro. "Mama, haiko zarau. Machine inasoma mbele. Inatayarisha nyimbo yenye hamuyaomba."

Salle nzima ikacheka, yee hapana. Basi nikaacha machine, nikapindua ndoo ya kunawa (maji yote ku viatu ya bwana-arusi), nikapiga mutuashi na mikono, nikaimba, nikacheza, yote vibaya. Mama Kapinga akaniangalia toka ku mulango. Kiuno yake ikashindwa kuvumilia. Akarudi na masufuria kunionyesha namna inachezwaka, na bakwe bote bakamufuata.

Kisha akakuya kuikala pembeni yangu, anapangusa jasho.

"Papa yangu, siku ingine anza na ngoma ya leo. Ile ya batême, ubatizo wa mutoto wa Mado, usiitayarishe sasa: tutakuita akizaliwa."