Suruali Iliyobana Mguu Mmoja

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa korona. Hapana, nakosea, ulikuwa wa pili, maana mafundi walishachoka kushona barakoa na watu walianza tena kuleta suti. Mtaani palikuwa na fundi cherehani mmoja, mwembamba, miaka hamsini na kitu, aliyeitwa Nusu Inchi. Katika kila nguo aliyoshona alificha nusu inchi ya kitambaa ndani ya mshono. "Watu hunenepa," alikuwa akisema. "Mteja akinenepa, asinichukie mimi."

Alikuwa ameugua korona, wiki mbili chali, akapona, akarudi kazini. Siku kumi baadaye suruali ikaanza kumbana mguu wa kushoto. Hakuushuku mguu. Fundi hushuku kitambaa. Akafumua mshono wa nje, akaachia ile nusu inchi, akashona upya. Siku mbili tu, ikabana. Akafumua wa ndani. Shavu la mguu lilikuwa likimvuta, naye hatulii: anakanyaga cherehani kidogo, anainuka, anaizunguka meza, anakaa, anainuka tena.

"Baba watoto, unatafuta nini humo ndani?" mkewe akauliza.

"Kitambaa kimerudi. Vya siku hizi vikiona maji tu, vinarudi."

"Kinarudi mguu mmoja?"

Fundi akaendelea kufumua.

"Hebu vaa ile uliyovaa kwenye harusi ya binti yako."

Akaijaribu. Mguu wa kulia ukapita, wa kushoto ukakwama kwenye shavu. Mkewe akamvua futi ya kupimia shingoni, akampima kama mteja. Kushoto kulizidi kwa inchi mbili na robo.

"Nusu Inchi," akasema, wala hakucheka, "akiba yako imeisha. Twende hospitali."

Daktari, binti wa rika la mwanawe, alimweleza taratibu. Korona haikuishia kifuani. Ilichubua kuta za ndani za mishipa, damu ikaganda mguuni. Donge lile likichomoka likapanda hadi mapafuni, linaua. "Na wewe mzee wangu ulikuwa unaliachia nafasi," akasema, maana mkewe alishamsimulia habari za suruali. Akampa dawa za kuzuia damu kuganda, akamwonya asijichome kitu chenye ncha, maana damu itachelewa kukatika. Mkewe akaitazama safu ya sindano kwenye kola ya mumewe, akaanza kuzichomoa moja moja.

Miezi ikapita, mguu ukanywea. Fundi ndiye hakutulia. Anapima kabla ya chai, anapima akiwa katikati ya kushona kola, anapima mteja akiwa amesimama na mkono mmoja wa koti. Mkewe akaificha futi, fundi akapima kwa uzi.

Kliniki ya mwisho daktari akasema dawa basi, nenda salama. Fundi hakuinuka. Akatoa uzi wake mfukoni, wenye fundo la kuonyesha unene wa mguu, akaulaza mezani.

"Nje napima. Huko ndani ya mishipa ilikochubuka, binti yangu, nani ananipimia, na huu uzi niutupe lini?"