Kitambaa Juu ya Kompyuta Yangu

Nina hasira, na aliyenikasirisha siwezi kumwambia kitu.

Mnajua nilivyohangaika kuchagua vipuri vya ile kompyuta. Prosesa nimeiongezea kasi kuliko ilivyotoka kiwandani, inachemka kama jiko. Ndiyo maana niliacha kasha zuri la mataa, nikachukua baya lenye matundu juu, joto litoke.

Leo nimeiacha inaandaa video ya harusi ya mteja, nikatoka kidogo hadi Magomeni.

Narudi, kimya. Imejizima. Kazi ianze upya.

Juu ya matundu yote kuna kitambaa cha kufuma, maua mekundu, kimenyooshwa vizuri kama cha kwenye redio.

Mama mkubwa, kumbe kaingia kutoka kijijini Zombo nikiwa sipo, amekaa pembeni anafuma.

Nikameza hasira. "Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nimekufunikia mashine, vumbi lilikuwa linaingia. Hivi walikuuzia yenye matundu na wewe ukakubali?"

Nikasema asante.

Bwana harusi anapiga, sipokei.

Msicheke. Nishaurini haraka namwambiaje mama mkubwa, maana anachofuma sasa hivi ni cha kufunika feni za ubavuni mwa kompyuta.