Matimba Mabichi

Vijana wa chuo wameniomba nilinganishe vitu viwili: programu za kompyuta zinazomsaidia mtu kuthibitisha hoja hatua kwa hatua, na lugha za kuandikia programu ambazo mashine yenyewe hukagua kama ulichoahidi ndicho ulichoandika. Nimewapa maneno marefu, wameyanakili, tumeachana kwa heshima. Nilichowaficha ni kwamba vyote viwili nilivijulia shimoni, karibu na Geita, mwanzoni mwa miaka ya themanini, kabla sijaiona kompyuta hata kwenye picha.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu katika sekondari moja ya Shinyanga, kijana mwenye kiburi cha kujaza lori. Likizo nilikwenda kwa dada yangu, ambaye mumewe alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Wachimbaji shimo huliita duara, na magogo yanayozuia kuta zisiporomoke huyaita matimba. Timba likikosewa, mtu anazikwa bila gharama ya jeneza.

Duara la jirani lilikuwa na babu mmoja Msumbwa asiyechimba wala kuinua gogo. Kazi yake ilikuwa kukaa mdomoni mwa shimo na kuuliza. "Hili linashikiliwa na nini?" Na hilo lingine je? Na hilo lililolishikilia? Mpaka umfikishe kwenye mwamba. Ukimwambia "si unaona mwenyewe, babu," anakurudisha chini ukafikiri upya. Mita mbili zilikula wiki nzima. Lakini hata udongo uwe mkorofi namna gani, ukishamjibu mpaka mwisho, unachimba huku unapiga mluzi.

Shemeji hakuwa na subira hiyo. Yeye alikuwa na kijiti cha kupimia. Kabla ya kuchimba alitamka matimba yatakaa wapi. Akishayaweka, kijiti kikifika kutoka timba hadi timba, kazi inaendelea, hakuna wa kumhoji. Alikwenda mbio. Ubaya ni kwamba kijiti kikigoma, kinagoma tu. Hakisemi sababu, na pengine shimo ni zima ila chenyewe hakijui.

Siku moja kiligoma. Ukuta ulikuwa umekaa mshazari, shemeji akataka kumwita babu. Nikamzuia. Babu wa nini, na mwenye diploma nipo? Nilichora pembetatu kurasa mbili, nikaanza na "tuchukulie kwamba," nikamalizia kwa kupiga mistari miwili chini ya jibu. Wachimbaji wakalisoma daftari kichwa chini miguu juu, wakasema ni sawa kabisa. Shemeji akaanza kujifunga kamba.

Dada alikuwa ndiyo kwanza amefika na chakula. Akaniuliza, "Umethibitisha?"

"Nimethibitisha."

"Bebe," akasema, yaani wewe, maana akikasirika Kisukuma humtoka chenyewe, "hapa anayesema pazima ndiye anayetangulia kushuka. Vua viatu."

Nikashuka na kurunzi. Niliposhika timba la kwanza, mkono ulirudi na utomvu. Lilikuwa limekatwa juzi, na gogo bichi likikauka hunywea, likalegea, likaachia. Kule juu ya ukurasa nilikuwa nimeandika tuchukulie matimba yamekauka, kwa sababu vitabuni hayajawahi kuwa mabichi. Hoja yangu haikuwa na kosa hata moja. Ilihusu shimo lingine tu. Nikapiga kelele ambayo hata mbuzi angeionea aibu: "Nivuteni! Nivuteni!"

Walinivuta huku wakicheka mpaka kamba ikatetemeka. Babu akaitwa, akauliza maswali yake, na matimba yakang'olewa yote siku hiyo hiyo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekubali baba wa watoto watatu ashuke kwa hesabu ambayo mwenyewe niliiamini kwa dakika mbili. Niliona aibu, na bado ninayo.

Nyumbani dada hakunigombeza. Alinitengea ugali, akakaa mbele yangu.

"Kama nisingefika na chakula, ungemwacha ashuke?"

"Hapana," nikajibu, upesi mno.

Akaniangalia mpaka nikaacha kutafuna.