Muziki wa Saa Nane Mchana

Kuna watu walioumbwa kukaa kwenye kamati, na wengi wao wanaishi Kitale. Ndio walioamua kwamba mji unaojulikana kwa mahindi na matope ulihitaji muziki wa klasiki, Jumamosi moja kila mwezi, saa nane mchana, wapigaji wakiwa vijana wanaochipukia. Watu wa Bungoma hawakukubali kuachwa nyuma, kwa hiyo mwezi mmoja tamasha lilikuwa Kitale, mwezi uliofuata Bungoma. Mimi, mwalimu wa muziki mstaafu nisiye na kazi ya maana, nilihudhuria yote. Nilienda kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi.

Bungoma tulikutana katika ukumbi wa kanisa, kule Kanduyi. Saa nane ilimaanisha saa tisa na nusu, kwa sababu mgeni wa heshima alikuwa bado yuko njiani, na mgeni wa heshima wa Bungoma huwa njiani tangu azaliwe. Akifika, kijana aliye katikati ya kupiga anasimamishwa, watu wote wanainuka, maombi yanarudiwa, kisha mgeni anawatambulisha aliokuja nao, mmoja mmoja, nao wanapunga mikono. Nimewahi kuona msichana ameshikilia filimbi mdomoni wakati huo wote, asijue kama anaruhusiwa kuitoa. Halafu mgeni anasema kwamba yeye hajui muziki lakini anaupenda sana, anazungumzia mbolea, na anaondoka kabla ya wimbo wa pili kwa kuwa ana matanga mahali.

Kitale walijiona wastaarabu zaidi. Wao walikuwa na ukumbi wa klabu, sakafu ya mbao, kichwa cha nyati ukutani, na kinanda ambacho nyuzi zake hazikuwa zimekazwa tangu wazungu wauze mashamba. Juu ya kinanda palikuwa na chombo cha maua ya plastiki. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye duka kubwa la mbegu, alikataza chombo hicho kisiondolewe, kwa hiyo mfuniko haukuwahi kufunguliwa. Watu walikaa wima, macho wameyafumba nusu, jinsi walivyoona watu wakikaa kwenye televisheni, huku simu zao zikirekodi dari.

"Mwalimu, si hii ni kitu ya maana sana kwa vijana wetu?" mwenyekiti aliniuliza siku moja.

"Chai yenu ni tamu sana, Madam," nikamjibu.

Alifurahi. Alisema maziwa yanatoka kwa ng'ombe wake mwenyewe.

Nilikuwa na sababu ya kuwavumilia. Binti wa dadangu, wa Tongaren, alikuwa na miaka kumi na minane na alikuwa akipiga vayolini. Mimi ndiye niliyemfundisha tangu akiwa na miaka kumi. Baba yake ni mkulima wa mahindi, mtu mpole lakini si mtu wa kusubiri, naye alikuwa amempa hadi mwisho wa mwaka: ama muziki umpeleke mahali, ama aweke kile kijisanduku chini na kwenda kujifunza kushona nguo. Ndipo kamati ikatangaza kwamba mwalimu mkubwa wa vayolini kutoka Nairobi angekuja Kitale kuwasikiliza vijana, na angemchukua mmoja kwenda kumfundisha miaka mitatu. Mmoja tu. Nilijua nafasi ile ilikuwa ya mtoto wetu. Wengine walikuwa kijana wa saksafoni aliyepiga nyimbo za kanisa kana kwamba anaita ng'ombe, na ndugu wawili wa gitaa ambao hawakuwa wakisemezana.

Siku ilipofika, nilitarajia kuona mtu. Akashuka garini kijitu kifupi chenye sweta iliyotoboka kiwiko, akaenda kukaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, wakati kamati ilikuwa imemwekea kiti cha kitambaa cheupe mbele. Mwenyekiti alimfuata mara mbili kumsihi. Alikataa mara mbili. Nikasema moyoni, huyu naye ni wale wanaojifanya wanyenyekevu ili watazamwe.

Saksafoni ilianza, ikaita ng'ombe wake, ikapigiwa makofi. Ndugu wa gitaa walimaliza kila mmoja kwa wakati wake. Kisha akaingia mtoto wetu, amevaa gauni la mama yake lililopunguzwa kiunoni. Alipiga sehemu ya kwanza, ile ya polepole, na sitaki kusema mengi kuihusu. Nitasema tu kwamba kwa muda ule nilisahau kumdharau mtu yeyote, hata mwenyekiti, hata yule nyati. Nilitazama nyuma nikaona kijitu cha sweta kimeinama, viwiko magotini.

Klabu ile ina desturi yake. Saa kumi kamili mpishi hutoka jikoni na kupiga kengele ya chai. Wazungu waliiacha, na waliorithi wameitunza kuliko walivyokitunza kinanda. Hakuna mwanakamati aliyefikiria kumwambia mpishi angoje. Saa kumi ilipofika mtoto wetu alikuwa katikati ya sehemu ya pili, upinde uko juu, mkono unakimbia, na kengele ikalia.

Akaacha. Hakumaliza hata nota aliyokuwa nayo. Aliteremsha upinde, akaunganisha miguu, akainama mara moja, akatoka.

Ukumbi mzima ukapiga makofi, tena makofi ya nguvu kuliko yote ya siku ile. Hakuna hata mmoja aliyetambua kwamba muziki haujaisha. Kwao ulikuwa umeisha vizuri kabisa, wakati mmoja na maandazi kuiva. Mwenyekiti alinipita akielekea mezani, akaniambia, "Huyo msichana anajua kukeep time, Mwalimu. Wengine ni wakora, wanavuta tu." Niliwatazama wakijipanga kwa sahani na nikawachukia mmoja mmoja, kwa zamu.

Kisha nikaelewa alichofanya, na chuki ile ikakosa pa kukaa.

Katika mashindano ya muziki ya shule zetu, mwamuzi hukaa mezani na kengele. Hupiga moja kukuruhusu uanze. Ukipitisha muda, hupiga tena, na ukiendelea unapoteza alama. Miaka mingi nilikaa kwenye meza ile. Nilipoanza kumfundisha mtoto wa dadangu nilikuwa na kengele yangu sebuleni, na niliitumia kwa kila kitu. Nilipiga aanze. Akikosea nilipiga, naye aliacha papo hapo, akateremsha upinde, akangoja nipige tena. Sikuhitaji kufungua mdomo. Nilijisifu mbele ya walimu wenzangu kwamba mwanafunzi wangu ana nidhamu ya jeshi, na wao, wapumbavu, walinionea wivu.

Mwalimu wa Nairobi alitufikia tukiwa tumesimama dirishani. Mtoto alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Mbona uliacha katikati?" akamuuliza, kwa sauti ya chini.

"Kengele ililia, sir."

Yule mtu alinitazama mimi. Sijui alijuaje. Nikaanza kumweleza, "Unajua hawa watu wa Kitale, bwana, tumbo kwanza. Ukiwaletea muziki wanauliza sukari iko wapi." Niliendelea hivyo, na ninaona haya nikikumbuka jinsi nilivyoendelea kwa ufasaha. Hakuwa akinisikiliza.

"Basi malizia," akamwambia. "Hapa hapa. Wacha wao wale."

Mtoto akaweka kikombe, akatwaa vayolini, akaiweka begani, akainua upinde. Halafu akanitazama. Akangoja. Nilijua anangoja nini. Nilimtolea macho aanze, nikaitikia kwa kichwa, nikapunga mkono. Hakuanza.

"Anangoja nini?" akauliza yule mtu.

Nilichukua kijiko cha chai nikagonga sahani, mara moja. Mtoto akaanza hapo hapo.

Mwalimu wa Nairobi akainua mkono, akamsimamisha. Hakukasirika, afadhali angekasirika. "Mzee wangu," akaniambia, "tafadhali tupishe kidogo."

Nikatoka barazani. Nilikuwa na miaka sitini na sita na nilikuwa nimefukuzwa darasani. Ndani watu walicheka kwa sababu zao, vijiko vikagongana na vikombe, na kwa muda mrefu sikusikia vayolini. Nikaanza kuomba. Sikumbuki niliomba nini, ila nakumbuka nilitaka aanze, na pia, Mungu anisamehe, nilitaka atoke nje kuniita.

Hakutoka. Alianza mwenyewe, tangu mwanzo, taratibu mno, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Mahali fulani alikosea, kosa lile lile ambalo miaka minane nilimpigia kengele, na mkono wangu ukaruka wenyewe. Yeye akapita.

Alichukuliwa. Yuko Nairobi sasa, na baba yake huwaambia watu sokoni kwamba yeye ndiye aliyekuwa na wazo lile. Kabla ya kuondoka siku ile, yule mwalimu alinifuata garini akaniomba jambo moja: likizo mtoto akija nyumbani, nisimsikilize akifanya mazoezi. Nilimjibu sawa, kwa madharau, nikafunga mlango.

Kila Desemba dadangu hunipigia simu kutoka Tongaren. "Mtoto amekuja, anapiga kila jioni, mpaka majirani wanakuja kusikia. Wewe mbona huji?"

Mimi humwambia barabara ni mbaya.