Ukiita, Tunakuja

Nilipokabidhiwa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya upande wa Ngorongoro, miaka ile ambayo sukari ilikuwa ya mgawo, nilikuta wanafunzi wa ukunga wakinyata wodini kama wezi. Hakuna aliyeuliza kitu. Aliyethubutu alijibiwa, "Kwani chuoni ulikwenda kula?" Mimi mwenyewe nilifundishwa kazi kwa kupigwa vidole, na sikumbuki kujifunza chochote kwa njia hiyo isipokuwa kuficha mikono.

Nikaweka sharti moja. Mwanafunzi akiita, mkubwa anakwenda, tena hagombi mbele ya mzazi. Anasema tu, "Haya, tusikilize pamoja." Wenzangu walinicheka, wakasema nimefungua chekechea. Niliwaacha wacheke, maana kucheka hakukuwazuia kwenda walipoitwa.

Matroni hakucheka. Alikuwa mama mnyoofu, mkunga tangu kabla ya Uhuru, na kwake mwanafunzi mzuri ni yule asiyesikika.

Sasa akaja mwanafunzi mmoja, binti wa kijiji cha Kansay, mpole, mwenye bidii, ambaye ile pembe ya mbao tunayoiweka tumboni kusikiliza moyo wa mtoto ilimsumbua kweli kweli. Alisikia mapigo ya mama akidhani ni ya mtoto, akashtuka yanavyokwenda polepole, akaita. Tukafika, tukakuta mtoto hana neno. Kesho yake akaita tena. Matroni uvumilivu ukamwishia.

"Akiita bure mara nyingine," aliniambia mbele ya binti mwenyewe, "anapanda basi la Ijumaa. Arudi chuoni akawaambie kazi imemshinda."

Nikajua kwamba huyu sasa hataita tena hata nyumba ikiungua. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nikamfuata matroni ofisini kwake bila hata kubisha hodi.

"Matroni, akiita bure, nihamishe mimi. Yeye abaki."

"Unajua unachokisema?"

"Najua."

Kisha nikarudi wodini kwa binti. "Unaposikiliza, mshike mama mkono. Mapigo ya tumboni yakifanana na ya mkononi, bado hujamsikia mtoto. Tafuta tena. Ukimkosa, ita."

"Na Ijumaa, Sista?"

"Ijumaa niachie mimi. Wewe ita."

Asubuhi iliyofuata, ukungu ukiwa bado haujainuka, aliletwa mama wa Kimasai kutoka upande wa Endulen. Kiswahili hakukijua, na kitanda hakukitaka. Alipiga magoti sakafuni, akajifunika shuka zake. Nilikuwa stoo nikigombania sabuni niliposikia sauti ya binti. Ilitetemeka, lakini aliita.

Matroni alikuwa karibu, akafika kabla yangu. Nilipoingia, mama amekwisha kulazwa ubavu, na matroni ameinama, pembe sikioni, mkono mmoja ameushika mkono wa mama. Nilisubiri aseme mtoto hana neno. Nilianza hata kuwaza mizigo yangu nitaifunga na nini.

Akahamisha pembe. Akaihamisha tena. Kisha akainua kichwa, akanitazama mbele ya binti na mbele ya wodi nzima.

"Na mimi sisikii," akasema. "Njoo tusikilize pamoja."

Tulimpata mtoto chini kabisa, pembeni, moyo ukipiga kwa kuchechemea. Njia ilikuwa imefunguka, kwa hiyo tulimhimiza mama asukume, na binti akimpapasa mgongo huku akirudia neno la pekee la Kimaa alilokuwa nalo, "Yeyo, yeyo," yaani mama. Mtoto alitoka ana rangi ya majivu, kitovu kimemzunguka shingoni. Matroni akakitoa, binti akamsugua kwa kitambaa, akasugua, akasugua, mpaka mtoto akalia. Nami nililia, na sikujificha.

Ijumaa basi lilipita likaenda zake Karatu. Si binti aliyepanda, wala mimi, na hakuna aliyelitaja.

Kundi jipya la wanafunzi lilipofika, nilijiandaa kuwaeleza sharti langu. Matroni akanitangulia. Akasimama mbele yao, ile pembe mkononi.

"Mimi ni mkunga tangu mama zenu ni wasichana," akawaambia. "Juzi hapa niliweka sikio nisisikie kitu. Nikaita."